Mkate Uliomwagwa Nyasini

Oleta Sturgill alikuwa na mdomo, na mwenyewe alijua. Watu wa Bonde la Caney, kule kwenye milima ya Kentucky, walimzoea hivyo hivyo. Akianza kumsema mtu, aliyesemwa alivuta pumzi, akatazama pembeni, akangoja amalize. Walimvumilia kwa sababu alikuwa mkarimu, na walimvumilia zaidi kwa sababu ya mkate wake wa mahindi.

Mkate huo alifundishwa na mama yake akiwa na miaka minane, amesimama juu ya sanduku ili afikie meza. Ni unga mweupe wa mahindi, chumvi, magadi kidogo, yai moja na mtindi, basi. Kipimo ni mkono. Kikaango cha chuma kinatangulia ndani ya oveni na donge la mafuta ya nguruwe, kinaachwa humo mpaka mafuta yaanze kufuka moshi. Ndipo unga uliokorogwa unamiminwa, nao lazima upige kelele unapogusa chuma. Usipopiga kelele, umeshaharibu. Ukiiva unapinduliwa juu ya sahani, mgongo wake wa kahawia unang'aa, na ukiukata unasikia ganda linavyovunjika. Sukari haiingii. Sukari, kwa Oleta, ilikuwa mambo ya keki na ya watu wasiojua wanachokifanya.

Aliolewa na Hobert mwaka 1943, akiwa na miaka kumi na tisa, na miaka miwili ya kwanza walikaa kwa mama yake Hobert, Bi Dicey. Kuhusu miaka hiyo alikuwa na hadithi moja aliyopenda kumsimulia kila bibi harusi wa bonde lile.

"Sikumaliza hata wiki kwa mama mkwe," angesema, "akanikabidhi kikaango kwa mkono wake. 'Pika wewe, Oleta.' Hakupika tena mkate nikiwa humo ndani. Mama mkwe mzima! Sasa niambie, hiyo si sifa?"

Bibi harusi naye angesema ndiyo, ni sifa.

Mwanawe Garland alikwenda Ohio kutafuta kazi ya kiwandani, akarudi baada ya miaka kumi na mke. Alirudi kwa sababu Hobert alikuwa mgonjwa. Vumbi la makaa ya mawe, alilolivuta mgodini tangu ujana, lilikuwa limemkaa mapafuni, na sasa hata kutoka kitandani mpaka barazani alipumzika njiani. Mke wa Garland aliitwa Janelle, mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kicheko cha haraka. Alimwita Oleta "Mama" tangu siku ya kwanza. Oleta aliitikia, lakini moyoni alimwona mtoto wa mjini tu, asiyejua hata kumenya maharage mabichi.

Jumapili ya mwisho ya Mei, mwaka 1987, ilikuwa siku ya kupamba makaburi. Ukoo mzima ulipanda mlimani asubuhi na maua, wakafyeka majani, wakasimamisha mawe yaliyolala, wakaimba. Adhuhuri walishuka kanisani kula. Meza za mbao zilipangwa uani, na kila nyumba ilileta chake: kuku wa kukaanga, maharage yenye vipande vya nyama, viazi, kabichi, pai za tufaha. Vikaango viwili vya Oleta vilikuwa katikati, mahali pake pa kila mwaka.

Karibu na maharage akaona chombo cha kioo kilichofunikwa kitambaa safi. Akakifunua. Ndani kulikuwa na kitu cha manjano, kimeumuka, kimekatwa vipande vya mraba.

"Nani kaleta keki akaiweka kwenye maharage?" aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni kwa kanisa.

Watu wakaanza kucheka kabla hata hawajajua kinachochekwa. Ndivyo walivyomzoea.

"Ni mimi, Mama," alisema Janelle. "Si keki. Ni mkate wa mahindi."

"Huu? Mwanangu, huu ukiuwekea mishumaa tunaimba hongera."

Kicheko kikapanda. Janelle naye alicheka. Icie, dada yake Hobert, alikuwa amekuja na mbwa wake mzee, na mbwa huyo alikuwa amelala chini ya meza. Oleta akachukua kipande, akamrushia. "Haya, wewe tuambie. Ni mkate au si mkate?"

Mbwa alikimeza bila kutafuna, akainua kichwa kutaka kingine.

"Kaupenda, Oleta!" alipiga kelele mwanamume mmoja kutoka meza ya pili. "Wako hata hajaunusa!"

Sasa wakamcheka yeye, na kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Oleta alizoea kuwa mwenye kuchekesha, hakuzoea kuchekwa. Joto lilimpanda shingoni. Angeweza kucheka nao, yakaishia hapo. Badala yake alikinyanyua kile chombo kwa mikono miwili, akatembea hatua tatu, akakipindua. Mkate wote ukaanguka nyasini.

"Basi aule wote," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Alijua pale pale. Kabla hata hajainua macho alijua. Garland aliweka sahani yake chini taratibu. Janelle alikuja, akachukua chombo mkononi mwa mama mkwe wake bila kumtazama, akaanza kukifuta kwa kile kitambaa, akafuta na kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. Midomo yake ilikuwa bado imekaa katika tabasamu, kama mtu aliyesahau kuiondoa.

Ndipo Hobert akasimama. Alikuwa amekaa kwenye kiti chini ya mti, mtungi wake wa hewa pembeni. Alitembea akishika kingo za meza, akafika penye mkate, akapiga goti. Ilimchukua muda mrefu kushuka. Watu wawili walitaka kumsaidia, akawakataza kwa mkono. Akaokota kipande ambacho mbwa hakukigusa, akapuliza majani, akala. Alikitafuna chote, akiwa ameinamisha kichwa.

"Hobert," alisema Oleta kwa sauti ya chini. "Inuka, bwana. Watu wanaona."

"Wacha waone." Alivuta hewa mara mbili kabla ya kuendelea. "Nilimwomba mimi. Nilimwambia atie asali ya mtama, ile nyeusi. Mama alikuwa anatia."

Garland na Janelle waliondoka kabla ya pai kukatwa. Oleta alibaki mpaka mwisho kwa sababu hakujua aondoke vipi. Vikaango vyake viwili vilibaki vimejaa. Hakuna aliyekataa kula kwa makusudi. Ni kwamba kila mkono ulipofika pale ulipita.

Njiani, ndani ya gari, alianza kujitetea. Ulikuwa mzaha tu. Angejuaje? Mbona hakuambiwa? Miaka arobaini na minne mwanamume anakula mkate wako, kumbe anataka mwingine, na hasemi! Hobert alitazama barabara. Walipofika nyumbani aliketi jikoni bila kuvua kofia.

"Nilisema mara moja," alisema.

"Lini?"

"Wiki uliyoingia kwa mama. Alipika mkate wake wa asali kukukaribisha. Nikakuuliza, umeuonaje? Ukasema, mama yako anapika keki kwa sababu mkate umemshinda. Ukacheka sana. Mimi nikacheka pia."

"Sikumbuki," alisema Oleta, na kweli hakukumbuka.

"Yeye alikuwa barazani, dirisha wazi." Hobert akapumzika. "Kesho yake akakwambia, pika wewe, Oleta."

Oleta alikuwa amesimama karibu na jiko. Akashika ukingo wake. Hadithi ile ameisimulia mara ngapi? Kwenye harusi ya mtoto wa mchungaji. Kwenye harusi ya Garland mwenyewe kule Ohio, Janelle akiwa ameketi mbele yake na shada la maua mapajani. Aliisimulia hata siku ya mazishi ya Bi Dicey, jikoni kwa marehemu, mbele ya Icie. Na Icie alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo alivyokuwa mama."

"Icie anajua?" aliuliza.

"Kila mtu wa nyumba ile alijua."

Aliingia chumbani, akakaa kitandani na viatu. Hakulia. Alitamani angelia, maana kulia kungekuwa na mwisho wake. Haya ile ilikuja kidogo kidogo, uso baada ya uso: kila mwanamke aliyemsimulia, kila mara alipoinua kidevu akisema "si sifa?", na nyuma ya kila mmoja yule mwanamke mkimya aliyemwachia kikaango chake mwenyewe ndani ya nyumba yake mwenyewe, akala mkate wa mkwewe miaka miwili bila neno.

Jumapili mbili hakwenda kanisani. Alisema ni mgongo. Jumapili ya tatu Icie alikuja na mbwa wake, akaketi barazani bila kukaribishwa.

"Mgongo vipi?"

"Unauma."

"Mgongo wako mzima, Oleta. Kilichokuuma nakijua mimi."

Oleta alikuwa anamenya maharage. Hakuinua macho. "Watu wanasemaje?"

"Wanasema ulimwaga chakula cha mtoto wa watu chini. Ulitaka waseme nini?"

"Na kuhusu mama yako, Icie..." Akaacha kumenya. "Ulikaa unanisikiliza siku ya mazishi. Kwa nini hukuninyamazisha?"

"Mama alitukataza. Alisema, mwacheni, ni mtoto, atakua." Icie alimkuna mbwa masikio. "Sasa una miaka sitini na mitatu."

Halikuwa tusi, wala Icie hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana lilimchoma zaidi.

Wiki ile aliazimia kumpikia Hobert mkate wa mama yake. Alipata kwa jirani kopo la asali nyeusi ya mtama, ile inayochemshwa kutokana na maji ya mabua yake. Akapasha kikaango kama kawaida mpaka mafuta yakafuka moshi, akatia asali vijiko vitatu kwenye unga, akamimina. Ulipiga kelele vizuri. Lakini asali haipendi moto ule. Chini ukaungua ukawa mweusi kama sakafu ya mgodi, na katikati ukabaki mbichi. Hobert alikwangua pembeni kwa kisu, akala kidogo.

"Si mbaya," alisema.

"Usinidanganye."

"Ni mbaya," alisema Hobert, "lakini usijisumbue, mke wangu. Janelle ananipikia Alhamisi nikienda kwao."

Hapo ndipo Oleta alipojua kwamba tangu majira ya baridi, kila Alhamisi Garland alipokuwa akija kumchukua baba yake "wakaone trekta", Hobert alikuwa anakwenda kula. Mdomo wake ulikuwa umekauka kwa dawa na kwa hewa ya mtungi. Ganda gumu alilojivunia Oleta lilikuwa linamkwaruza fizi. Hakuwahi kumwambia. Aliogopa kuchekwa.

Siku kumi zilipita kabla Oleta hajapata ujasiri wa kwenda kwa Janelle. Alikwenda kwa miguu, asubuhi, njia ya kando ya kijito, akayapanga maneno yake. Alimkuta Janelle uani, anaanika nguo.

"Bi Oleta," alisema Janelle. "Karibu."

Si "Mama". Alilisema kwa adabu kabisa, na Oleta akaona hana haki hata ya kushtuka. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Nilitaka kuuliza," alisema, "ule mkate, unaweka oveni moto kiasi gani?"

Janelle alibana nguo ya mwisho kwenye kamba. "Umetembea kote huko kuuliza moto wa oveni?"

"Hapana." Oleta aliishika mikono yake mwenyewe. "Nimekuja kwa sababu naona haya. Hata kukutazama siwezi. Nilikufanyia jambo baya mbele ya watu, na hukunikosea kitu. Naomba msamaha."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya ngazi.

"Nilipika mara tatu ule mkate wa siku ile, maana ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Alhamisi," Janelle alisema mwishowe. "Wa kwanza uliungua. Wa pili haukuumuka. Wa tatu ulipotoka, Garland alisema, Mama akiuonja huu atakuuliza umefanyaje. Nikaamini." Akachukua kapu tupu. "Na nilicheka, unajua? Ulipokuwa unanisema nilicheka na watu, ili wasione. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kwamba nilicheka."

"Mwanangu..."

"Nimekusikia, Bi Oleta. Ulichosema nimekisikia." Kisha akafungua mlango wa jikoni. "Ingia. Ni Alhamisi. Baba anakuja saa sita, na mimi nina nguo nyingine za kufua. Utaukoroga wewe."

Kwa hiyo Oleta Sturgill, akiwa na miaka sitini na mitatu, alisimama jikoni kwa mkwewe akafundishwa kupika mkate wa mahindi. Unga wa mahindi vikombe viwili, wa ngano kimoja, ili uwe laini. Maziwa yapashwe kidogo, asali iyeyushwe humo kwanza. Mayai mawili. Siagi badala ya mafuta ya nguruwe. Chombo kipakwe kikiwa baridi, na moto uwe wa wastani.

"Kikiwa baridi?" Oleta alishindwa kujizuia. "Sasa utapiga kelele saa ngapi?"

"Haupigi kelele."

Oleta akafunga mdomo. Akaendelea kukoroga.

"Taratibu," alisema Janelle kutoka kwenye beseni la nguo. "Unakoroga kama unajenga ukuta."

Ni maneno ambayo yeye mwenyewe angemwambia mtu, na yalimwingia kama yanavyowaingia watu. Akapunguza mkono.

Hobert alipofika, akamkuta mkewe pale na unga mpaka kwenye viwiko, alisita mlangoni. Alikula vipande viwili vikiwa moto na siagi juu, bila kukwangua, bila kunywa maji kila tonge. Oleta hakuonja mpaka alipoambiwa aonje. Ulikuwa mtamu, laini, na ladha ya moshi kwa mbali kutokana na asali. Ulikuwa mzuri. Alitafuna, akamfikiria Bi Dicey akiutoa mkate kama ule motoni, akimsubiri mke wa mwanawe auonje.

Baada ya hapo aliupika mwenyewe nyumbani, kila siku aliyotaka Hobert, mpaka Februari Hobert alipofariki. Katika mazishi bibi harusi mpya wa ukoo, asiyejua lolote, alimwomba asimulie ile hadithi ya kikaango. Oleta alisema, "Hadithi ile niliielewa vibaya," akaenda kuosha vyombo.

Mei iliyofuata Janelle hakuja kupamba makaburi. Garland alikuja peke yake. Chakula kilipokwisha kuombewa, Oleta alisimama kabla watu hawajaanza kupakua. Hakuwa amemwambia mtu.

"Mwaka jana nilimwaga chakula cha Janelle hapa," alisema. "Mlikuwepo. Mkate ule alimpikia Hobert, na ulikuwa mzuri kuliko wangu kwa mtu mgonjwa. Na hadithi ninayowasimulia juu ya mama mkwe wangu si kweli. Alinipa kikaango kwa sababu nilimtukana. Nataka mjue."

Alitegemea kwamba akishasema atapata nafuu. Hakupata. Watu walitazama sahani zao. Mtu alikohoa. Oleta alibaki amesimama, uso unamwaka, mpaka Icie alipomvuta gauni.

"Kaa, ule," alisema Icie. "Umeshasema."

Garland aliporudi kwake alimweleza mkewe. Oleta alilijua hilo kwa kuwa jioni ile ile Garland alimpigia simu. "Nimemwambia," alisema.

"Kasemaje?"

"Alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi."

Mwaka uliofuata Janelle alikuja. Hakuleta mkate, wala hakuleta tena mkate wa mahindi pale mezani maisha yake yote. Alileta bakuli la viazi vilivyopondwa na mayai na siki. Akaviweka mezani, akasimama karibu. Oleta alijipakulia vijiko viwili, akala pale pale, akiwa amesimama.

"Chumvi imetosha?" aliuliza Janelle.

"Imetosha kabisa."

"Usinidanganye."

Oleta alitazama pande zote, kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Imepungua kidogo," alinong'ona. "Kidogo sana."

Janelle alionja kwa ncha ya kijiko, akafikiri. Kisha akanyoosha mkono upande wa pili wa meza, akachukua chupa ya chumvi, akampa.

"Tia wewe," alisema. "Usizidishe."

Oleta akatia, punje chache, mkwewe akiwa amesimama anatazama.